Wazazi wa Ukambani na Shule za Dini

Msomaji kijana, mwanafunzi wa shule ya kutwa hutoka nyumbani asubuhi akarudi jioni. Safari yake ni fupi, lakini ndani yake mna swali lililowasumbua wazazi kwa zaidi ya miaka mia moja: je, mtoto atokaye asubuhi ndiye yule yule arudiye jioni? Haya tutazame jinsi wazazi wa Kitui na Makueni walivyolijibu swali hilo zilipowajia shule za dini.

Usidhani ya kuwa kabla ya shule hizo Wakamba hawakuwa na elimu. Mvulana alifunzwa na mifugo aliyoichunga, na jioni alisikiliza maneno ya wazee huko thome, mahali pa moto ambapo wanaume hukutana. Msichana alifunzwa na mama yake na nyanya yake. Mwalimu na mzazi walikuwa watu wa nyumba moja, wala hapakuwa na haja ya kuchagua.

Mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Mwaka uliofuata Krapf alichapisha Injili ya Marko katika Kikamba. Basi kitabu kilitangulia shule kwa muda wa miaka arobaini hivi! Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wa Ujerumani walijenga kituo huko Ikutha, na baadaye kingine Mulango, karibu na mji wa Kitui. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianza kazi Nzaui, katika nchi iitwayo Makueni leo. Scott alikufa Desemba 1896, lakini kazi haikufa naye. Vita Vikuu vya kwanza vilipowaondoa Wajerumani, Mulango iliingia mikononi mwa Africa Inland Mission.

Wazazi wa kwanza hawakukimbilia shule hizo, nao walikuwa na sababu. Mtoto aendaye shule ni mchungaji aliyepungua zizini. Tena misheni haikufundisha kusoma tu: ilikataza ngoma na pombe, na ilimkataza mwanamume kuoa wake wengi. Kijana aliyebatizwa alipewa jina jipya, na pengine alikataa kushiriki katika matambiko ya ukoo wake. Baba alijiuliza, “Nitakapokufa, nani atatimiza yanipasayo?” Hilo halikuwa swali la mjinga. Lilikuwa swali la mtu aliyeijua vema thamani ya alicho nacho.

Lakini dunia ilikuwa ikibadilika. Njaa kuu iliyoingia mwaka 1898, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliua watu na mifugo, na baadhi ya wenye njaa walitafuta chakula katika vituo vya wamisionari. Wakati huo huo reli ilikuwa ikipita Kibwezi na Makindu kuelekea bara. Serikali ikadai kodi ya fedha, na fedha ilipatikana kwa kazi. Aliyejua kusoma na kuhesabu aliweza kuwa karani au mwalimu. Asiyejua alibeba mizigo. Mzazi aliyekuwa akiihesabu hasara ya kumpeleka mtoto shule, sasa alianza kuihesabu hasara ya kutompeleka.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya shule ndogo za kutwa vijijini. Mtoto aliyelala misheni alikuwa mikononi mwa misheni usiku na mchana. Yule wa shule ya kijijini alisoma asubuhi, na jua lilipopinda alikuwa pamoja na mbuzi wa baba yake. Walimwengu husema mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo wazazi wengi walijaribu kushika mbili, nao hawakukosea.

Wakamba wengi walipigana katika jeshi la King's African Rifles, na baada ya vita vya 1939 hadi 1945 walirudi na kiu kubwa ya elimu kwa watoto wao. Mwaka 1945 Wakamba wenyewe walianzisha kanisa lao, African Brotherhood Church, lisilo chini ya wazungu, nalo pia likajishughulisha na elimu. Mwaka 1956 mapadre wa Mtakatifu Patriki kutoka Ireland walikabidhiwa kazi ya Kanisa Katoliki Kitui. Sasa mzazi hakuuliza tena, “Shule au zizi?” Aliuliza, “Shule ya nani?”

Swali hilo si la Ukambani peke yake. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wako Abayudaya, watu walioifuata dini ya Kiyahudi tangu wakati wa kiongozi wao Semei Kakungulu, mwaka 1919. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na kusoma humo kulielekea ubatizo. Basi wazazi wengine waliona heri mtoto akose shule kuliko kuikosa dini yake. Mtu asiwacheke, maana bei ile ilikuwa kali. Baadaye, zilipopita taabu za utawala wa Idi Amin, Abayudaya walijenga shule zao wenyewe, ya msingi na ya sekondari. Nao hawakuwafungia wengine mlango: watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma humo pamoja na wao. Waliokuwa wamelipishwa bei ile hawakumlipisha jirani.

Kwetu Kenya, sheria ya elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya mamlaka ya serikali, makanisa yakabaki wadhamini. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa. Hata hivyo wako wazazi wa Kitui na Makueni wanaouza mbuzi ili walipe ada ya shule ya kanisa, ilhali shule isiyo na ada iko karibu. Hawanunui hesabu na sarufi tu. Wanatafuta mahali patakapomfunza mtoto kile wanachomfunza nyumbani.

Msomaji, mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwaandaa walimu wengine. Nimejifunza ya kuwa mzazi hatupi mtoto wake shuleni, bali humkopesha. Waulize wazazi wako kwa nini walikuchagulia shule unayosoma, na ni kitu gani walichoogopa kukipoteza walipokuchagulia. Ukikijua kitu hicho, kilinde, kwa maana mkopo mwema hurudi na faida, wala haurudi ukiwa umesahau njia ya nyumbani.