Jinsi ya kumlisha mtoto anayechagua chakula mkiwa safarini

KILA Desemba shule zinapofungwa, familia nyingi za Kayole hufunga mizigo na kushika njia. Baadhi huelekea mashambani, wengine huteremka Pwani kuwatembelea jamaa au kupumzika ufuoni. Mzazi mwenye mtoto wa kati ya mwaka mmoja unusu na miaka mitano mara nyingi hubeba mzigo mwingine usioonekana ndani ya sanduku: mtoto ambaye nyumbani hula vyakula vitatu au vinne tu, na ambaye akiwekewa sahani ngeni hufunga kinywa na kugeuza uso.

Tatizo hili haliwahusu wasafiri wa basi peke yao. Hata wazazi wanaosafiri kwa meli kubwa za kitalii, kama zile zinazotia nanga katika bandari ya Mombasa, hukumbana na jambo lilo hilo ingawa mbele yao huandaliwa meza zenye vyakula vya kila aina. Wingi wa vyakula haumsaidii mtoto wa namna hii. Kinachomsumbua ni ugeni: sahani si yake, kiti si chake, harufu ni tofauti, na saa ya kula imevurugika.

Ni vyema mzazi aelewe kwanza kwamba mtoto huyo, mara nyingi, si mgonjwa wala hajadekezwa kupita kiasi. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto huongezeka hadi mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza takriban kilo 2 hadi 2.5 pekee, na kasi hiyo ndogo huendelea miaka inayofuata. Kwa hivyo hamu ya kula hupungua kwa sababu mahitaji yenyewe yamepungua. Aidha, kati ya umri wa miaka miwili na sita watoto wengi huogopa chakula wasichokijua. Tafiti za lishe zimeonyesha kwamba mtoto huenda akahitaji kuonyeshwa na kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali.

Hesabu hiyo inatosha kumwonyesha mzazi kwamba likizo ya juma moja si wakati wa kumfundisha mtoto kula vyakula vipya. Kazi ya mzazi safarini ni kumrudisha mtoto nyumbani akiwa na afya, tumbo salama na bila kuchukia meza ya chakula. Mafunzo yataendelea jikoni Kayole.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alieneza tangu miaka ya 1980 kanuni ambayo wahudumu wengi wa afya ya watoto wameikubali: mzazi huamua ni chakula gani kitaliwa, saa ngapi na mahali gani; mtoto huamua iwapo atakula na kiasi gani. Safarini sehemu ya mzazi ndiyo huporomoka kwanza. Mtoto akianza kulia ndani ya basi hupewa biskuti, kisha soda, kisha kripsi, kisha peremende kutoka kwa mchuuzi dirishani. Ifikapo saa ya chakula cha mchana tumbo limejaa sukari, naye mzazi hulalamika kwamba mtoto amekataa wali. Afadhali mtoto apewe kitu kila baada ya saa mbili au tatu, kwa kiasi kidogo, na katikati ya nyakati hizo anywe maji tu.

Maandalizi huanza siku moja kabla. Anayepanda treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, hulazimika kufika mapema katika kituo cha Syokimau ili kukaguliwa. Kutoka Kayole, kwa msongamano wa Barabara ya Outer Ring, hiyo ina maana ya kuondoka nyumbani alfajiri. Mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja hawezi kunywa uji papo hapo, na hakuna faida ya kumlazimisha. Uji huo wa wimbi utiwe moto sana katika chupa ya chai ambayo kwanza imesuuzwa kwa maji yanayochemka, kisha anywe akiwa ametulia kituoni au ndani ya behewa. Ndani ya treni huuzwa vyakula na vinywaji, lakini mtoto anayechagua hatakiwi kutegemea bahati ya kile kitakachokuwapo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, kwa kuwa viini huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Kutokana na ushauri huo, wali, ndengu zenye mchuzi na githeri havifai kubebwa kwa safari ya kutwa, hasa katika basi linaloteremka kuelekea joto la Pwani. Wali hasa ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, maana viini vyake hustahimili kupikwa na hutoa sumu ambayo haiondolewi kwa kupasha moto upya. Vitu vikavu ndivyo vinavyofaa: chapati isiyo na mchuzi, mkate, ndizi ambazo bado ziko katika maganda yake. Mayai ya kuchemsha na viazi vitamu pia ni vizuri, ila viliwe katika saa mbili za kwanza, kabla basi halijapita sana Emali. Maziwa ya pakiti yale yasiyohitaji friji hudumu yakiwa hayajafunguliwa. Yakishafunguliwa yanywewe mara moja na yanayobaki yamwagwe.

Kikombe na kijiko cha nyumbani pia visisahaulike. Huenda jambo hilo likaonekana dogo, lakini mtoto wa miaka miwili hutambua kikombe chake kabla hajatambua kilichomo.

Safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, na mabasi mengi husimama Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Hapo mzazi achague chakula kinachopikwa au kukaangwa mbele yake na kuletwa kikitoa mvuke. Kachumbari na matunda yaliyokatwa tayari yaachwe. Iwapo mtoto hupatwa na kichefuchefu cha safari, chakula kiwe chepesi na kikavu, akae mahali anapoweza kutazama nje na mbele, na asipewe kamwe vidonge vya watu wazima bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Jambo moja linastahili kukemewa waziwazi. Wapo walezi ambao mtoto akikataa uji humlaza mapajani, humziba pua na kummiminia kinywani. Tendo hilo ni hatari hata nyumbani, kwa kuwa chakula kinaweza kuingia mapafuni. Ndani ya gari linalotikisika hatari ni kubwa zaidi. Isitoshe, mtoto aliyelishwa kwa nguvu hujifunza kuogopa kijiko, na uteuzi wake huzidi.

Mkifika Pwani, mzazi ana msaada asioutarajia: vyakula vingi vya huko ni ndugu wa vile vya Kayole. Mtoto anayependa chapati na ndengu yuko hatua moja tu kutoka kwa mahamri na mbaazi za nazi, hasa akipewa mahamri kwanza na mbaazi zikawekwa kando, zisiguse. Anayekula viazi anaweza kujaribu muhogo wa kuchemsha. Ugali ni ule ule, ingawa wenyeji wengi huuita sima. Wali wa nazi huwashangaza baadhi ya watoto kwa harufu yake. Mwenyeji anaweza kuombwa kwa adabu atenge wali mweupe kidogo kabla ya kutia tui. Anayemwonjesha mtoto samaki aanze na kipande cha nguru, ambaye miiba yake ni mikubwa na huonekana, kuliko changu, na hata hivyo achambue kwa vidole vyake mwenyewe.

Yapo ya kuepukwa. Mabuyu yenye rangi nyekundu, kashata ngumu na njugu nzima vinaweza kumpalia mtoto aliye chini ya miaka mitano. Viazi karai na bhajia ni vitamu, lakini mchuzi wake mara nyingi una pilipili. Chai nayo, ambayo watoto wengi hupewa pamoja na chakula, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Ni bora inywewe mbali na mlo au iachwe kabisa. Maziwa mengi kupita kiasi, yaani zaidi ya nusu lita kwa siku, hushibisha na kumwacha mtoto bila nafasi ya chakula kingine.

Ugumu mkubwa, pengine, hautoki kwa mtoto bali kwa wenyeji. Nyanya au shangazi aliyechinja kuku kwa ajili ya wageni huumia moyo anapoona mtoto akiomba mkate mkavu. Maneno huanza: mtoto wa Nairobi amelelewa kwa chipsi. Mama wa mtoto, kwa aibu, huanza kumsukumia matonge mbele ya watu, na machozi hufuata. Simu ya siku mbili kabla ya safari huondoa sehemu kubwa ya fedheha hiyo. Mzazi aeleze kwamba mtoto hula kidogo, ataje vyakula viwili anavyovizoea, na aombe akae mezani na wengine bila kuhimizwa. Mara nyingi mtoto asiyetazamwa ndiye hunyoosha mkono kwenye sahani ya binamu yake.

Joto nalo lisipuuzwe. Mtoto aliyezoea hewa ya Nairobi hupungukiwa na hamu ya kula anapofika Mombasa, na hilo si la kutisha maadamu anakunywa. Maji yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa vyema. Dafu lililopasuliwa papo hapo ni kinywaji kizuri, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya ORS mtoto akiharisha. Pakiti za ORS na vidonge vya zinki viwemo katika mkoba tangu Nairobi. ORS ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti. Kwa mtoto aliyezidi miezi sita, zinki hutolewa miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Anayenyonya aendelee kunyonya. WHO hupendekeza hivyo hadi miaka miwili au zaidi, na safarini hakuna chakula kilicho salama kuliko hicho.

Mtoto apelekwe hospitalini bila kungoja akitapika kila kitu, akiwa na damu katika choo, macho yakididimia, akilia bila machozi, akikaa saa sita bila kukojoa au akilegea na kusinzia kupita kawaida. Mombasa ipo Hospitali Kuu ya Pwani. Kwa wakazi wa Kayole waliokwisha kurejea, Mama Lucy Kibaki ndiyo hospitali kubwa ya umma iliyo karibu.

Baada ya likizo watoto wengi hurudia ulaji wao wa kawaida katika muda wa siku chache, saa za mlo zikishanyooka. Akizidi kukonda, akila udongo, akionekana kuumia anapotafuna au akipaliwa mara kwa mara, apelekwe kliniki pamoja na kijitabu cha mama na mtoto, ili uzito wake ulinganishwe na ule wa miezi iliyotangulia. Muuguzi pia atampima mzingo wa mkono wa juu kwa utepe: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja.