Msitu wa Pugu: tazama chini kabla ya kutazama juu



Ukiwa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, msitu unaonekana jambo la mbali. Lakini mto wenye jina hilo unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na historia ya msitu ule imefungamana na soko hili.

Pugu na jirani yake Kazimzumbwi zilitangazwa hifadhi mwaka 1954. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Mji ukakua, majiko yakaongezeka, na mkaa wa kuyalisha ulitoka jirani. Kufikia miaka ya 1990, sehemu kubwa ya Kazimzumbwi ilikuwa imegeuka mashamba na matanuru ya mkaa.

Hasara hiyo wengi huihesabu kwa visiki. Mimi nawaomba mtazame chini. Pugu kuna sange, mnyama wa takriban nusu kilo, pua ndefu inayochezacheza. Watu humwita panya, ila kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo! Mchana hufukua majani makavu akitafuta mchwa, minyoo na wadudu. Usiku hulala kwenye kiota cha majani hayohayo, chini. Ukikata miti mikubwa, jua likaingia na majani yakaisha, umembomolea nyumba na jiko kwa pamoja. Miti inaweza kudanganya: vichaka vikiota tena, kutoka barabarani utaona kijani tu. Sange hadanganyi.

Hapo ndipo suala linapotufikia sisi. Wadudu na minyoo wanaomlisha ndio wanaotoboa udongo ili mvua izame. Wakipungua, maji huteleza juu na kubeba udongo hadi bondeni, kwenye bustani za mchicha. Sisemi mafuriko ya Desemba 2011 pale Jangwani yaliletwa na Pugu peke yake. Takataka na ujenzi wa bondeni navyo vina sehemu yao. Lakini mto huanza juu.

Niungame jambo. Nilipoanza kazi niliwaelekeza wakulima wachukue udongo mweusi wa msituni kujaza viriba vya miche. Ulikuwa ushauri mbaya. Tumieni mboji na samadi iliyooza vizuri.

Mwenye kipande cha miti shambani kwake ajaribu hivi: fukia ndoo, mdomo ulingane na ardhi, iache usiku mmoja. Toboa kitako ili maji ya mvua yasizamishe viumbe. Asubuhi mapema hesabu aina, si wingi: jongoo, konokono, vyura, mende wa porini, buibui. Usitie mkono ndani, huenda kuna nge au nyoka. Waachie wote, kisha fukua ndoo yako. Rudia baada ya mvua za masika, mahali palepale, na andika kwenye daftari. Ndani ya hifadhi usifanye hivyo bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.