Kutoka zizi la ng'ombe hadi kidonge cha moyo

Mfugaji wa Masisi, mashariki mwa Kongo, anajua kwamba ng'ombe akikatwa pembe damu itatoka, kisha itaganda. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, haikuganda. Ng'ombe waliokatwa pembe au kuhasiwa walivuja damu hadi kufa. Frank Schofield, daktari wa mifugo, aligundua kuwa walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova yaliyoota kuvu.

Februari 1933, dhoruba ya theluji ikivuma, mfugaji mmoja alisafiri kilomita 300 hivi hadi Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alibeba mtamba aliyekufa na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda. Akampata mkemia Karl Paul Link. Miaka ya kazi katika maabara yake ilizaa warfarini, inayozuia damu kuganda, ambayo mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu.

Moyo ukipoteza mdundo wa kawaida, vyumba vyake vya juu hutetemeka tu, damu inatuama na kufanya bonge. Bonge likifika kichwani ni kiharusi. Kwetu wengi wa wagonjwa wenye tatizo hilo bado ni vijana: waliugua koo utotoni, hawakupata penisilini, valvu za moyo zikaharibika. Kwa hao, utafiti wa mwaka 2022 katika nchi 24 ulilinganisha dawa mpya, isiyohitaji kupima damu kila mara, na dawa za jamii ya warfarini. Za zamani zilishinda: vifo vilipungua, na damu haikuvuja zaidi.

Lakini warfarini inataka kufuatiliwa. Kwa wagonjwa hao kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyochelewa kuganda, kikae kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linarudi, juu yake fizi zinavuja, choo kinakuwa cheusi, hata ubongo unaweza kuvuja damu. Mboga za majani kama sombe na lengalenga zina vitamini K, inayoipunguza dawa hiyo nguvu. Mgonjwa asiziache, ale kiasi kilekile kila wiki. Flagyl kwa tumbo, Bactrim kwa kifua, nazo huipandisha INR ghafla.

Kipo kipimo kidogo cha INR cha mkononi, kinachotaka tone moja la kidoleni. Hicho ndicho ningetaka kifike kwanza vituo vya afya vya Masisi na Walikale, kabla ya dawa yoyote mpya. Maana barabara ya Goma ikifungwa na mapigano, mama anabaki na vidonge vyake kwenye kitambaa, na hakuna wa kumwambia leo ameze kizima au nusu.