Kukata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania

Kukata rufani ya madai katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania ni utaratibu wenye hatua mbili, unaoongozwa na Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009.

Kwanza, asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu huwasilisha notisi ya rufani kwa Msajili wa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu uamuzi kutolewa. Katika siku 14 zinazofuata, huwapelekea nakala wote wanaoguswa moja kwa moja na rufani hiyo.

Pili, ndani ya siku 60 tangu kuwasilisha notisi, huwasilisha hati ya sababu za rufani, kumbukumbu za rufani na dhamana ya gharama. Hati na kumbukumbu hizo humfikia mjibu rufani ndani ya siku 7.

Muda wa kuandaa nakala ya mwenendo wa kesi, ukithibitishwa na Msajili, hauhesabiwi katika siku hizo 60. Sharti ni mrufani awe ameiomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala ya barua yake imfikie mjibu rufani. Asipoipeleka, hupoteza nafuu hiyo. Aliyechelewa huweza kuomba kuongezewa muda, akionyesha sababu ya msingi.