Jina la Mlo Kandokando ya Ruvuma

Sisi watu wa Mtwara tukisikia kuwa fulani "amekwisha kunywa chai", hatuulizi kikombeni mlikuwa na nini. Twaelewa kwamba amekula asubuhi: pengine muhogo wa kuchemsha, pengine kiporo cha wali, na huenda majani ya chai hayakuwapo kabisa. Kinywaji kimegeuka jina la mlo.

Uingereza nako mambo yalikwenda hivyo, ila kwa saa nyingine. Kwa familia nyingi za wafanyakazi wa kaskazini mwa nchi hiyo, "tea" ni chakula kamili cha jioni, na "dinner" huliwa mchana. Kwa wenye nafasi, "dinner" ni ya usiku, na chai ni kikombe cha alasiri, desturi iliyoshamiri miongoni mwao tangu miaka ya 1840.

Tena "dinner" ni neno lililohama. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, na mzizi wake wa Kilatini ni kufungua mfungo. Kimaana ni ndugu wa staftahi yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, nayo ni kufungua. "Supper" nayo ina udugu na supu. Mwingereza aliiweka usiku. Sisi supu twainywa asubuhi, kwa chapati.

Vukeni Ruvuma muingie Msumbiji, mtakuta mlo wa asubuhi ukiitwa "matabicho", neno la Kireno lenye maana ya kumuua mdudu. Mto ni mmoja, njaa ni moja. Ng'ambo huuawa, huku hufunguliwa kinywa.

Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, Mtwara ilijengewa bandari, na reli ikaelekezwa Nachingwea. Mpango ulivunjika mwaka 1951. Karanga zilishindwa, lakini kengele ya ofisi na shule haikushindwa, na hadi leo tuna "chai ya saa nne". Hata hivyo futari na daku hazikuisikiliza kengele hiyo: moja yangoja jua lizame, nyingine yaliwahi kabla ya alfajiri.

Wataalamu wakatuundia chamcha na chajio, vifupisho vya chakula cha mchana na cha jioni. Sivibezi, kwani mshairi anayehesabu mizani huvihitaji. Lakini vyadhani kwamba kila mchana na kila jioni pana chakula. Wasiokuwa nacho walijiundia neno lao, wakaliazima uwanjani: "pasi ndefu", yaani kuuruka mlo wa mchana ili mfuko ufike jioni.

Ndugu washairi, hilo nalo ni jina katika orodha ya milo, ingawa ni la mlo usioliwa. Kamusi ikiliacha, historia ya meza zetu itakuwa ya walioshiba tu. Basi litieni katika beti zenu.