Ratiba ya Meli, Lebo 18 na Msomaji Asiyeona

Chukulia mwanafunzi asiyeona yuko Mbinga mjini, anataka kwenda Kyela kwa meli kupitia Mbamba Bay. Anafungua ratiba kwenye simu, na programu ya kusoma skrini inaanza kumsomea. Ukurasa ukiwa umeandikwa vizuri, ataruka kutoka kichwa hadi kichwa, atafika kwenye jedwali, na kila saa itatajwa pamoja na bandari yake. Usipoandikwa vizuri, atasikia msururu tu: saa mbili, saa tano, saa kumi. Saa tano wapi? Hajui. Ateremke milima ya Umatengo mpaka ziwani kwa kubahatisha?

Kumbe mwanzoni mambo hayakuwa hivi. Mwaka 1991, Tim Berners-Lee, akiwa CERN kule Geneva, alitoa orodha ya kwanza ya lebo za HTML. Zilikuwa 18 tu, na nyingi zilieleza kitu ni nini: hiki ni kichwa, hii ni orodha, hii ni anwani. Namna ya kukionyesha aliachiwa msomaji na kivinjari chake. Kwa hiyo maandishi yaleyale yangeweza kuonekana kwenye skrini yoyote, au kusomwa kwa sauti.

Halafu wavuti ikapata soko, na watu wakataka urembo. Katikati ya miaka ya 1990 Netscape ilileta lebo ya <font>, na majedwali yakageuzwa kuwa fremu za kupangia ukurasa mzima. Kichwa cha habari kikawa maneno makubwa meusi basi. Jicho linaelewa. Programu ya kusoma skrini haielewi, kwani kwake ni maneno kama mengine.

Marekebisho yalikuja polepole. CSS ilipitishwa Desemba 1996 ili urembo ukae mahali pake. Mwaka 1997 shirika la W3C likaanzisha kitengo cha ufikivu, na Mei 1999 mwongozo wake wa kwanza ukatoka. HTML5, iliyokamilishwa Oktoba 2014, ikaongeza lebo kama <nav> na <main>, zinazotaja kila sehemu ya ukurasa kwa kazi yake.

Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Mkataba huo unaitaja intaneti waziwazi. Lakini sheria haiandiki ukurasa. Anayeamua kama jina la bandari litawekwa ndani ya <th> au litakolezwa wino tu ni wewe unayetengeneza tovuti.

Jaribu leo: washa TalkBack kwenye simu yako, fumba macho, kisha tafuta saa ya meli kwenye ukurasa uliotengeneza. Ukiipata, na yule mwanafunzi wa Mbinga ataipata.