Gitaa la Katanga katika Njia ya Mbeya na Iringa

Wanaoandika historia ya muziki wa Tanzania huanzia baharini. Hutaja tarabu ya Unguja, beni ya Tanga, kisha santuri za Cuba zilizoshushwa bandarini. Si uongo. Lakini gitaa la Nyanda za Juu Kusini lilikuwa na mlango mwingine, nao ni Tunduma.

Zama za Waingereza, vijana wa Rungwe na Mbeya walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ng'ambo ya migodi hiyo ndiyo Katanga. Waliorejea walileta mablanketi, baiskeli na, mwenye bahati, gramafoni. Na barabara iliyowarudisha ilipita Mbeya, ikaendelea Iringa na kufika hadi Nairobi.

Katika santuri za gitaa za miaka hiyo, aliyetia fora ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, sasa Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukavuma hadi nje ya Afrika. Alicharaza nyuzi kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, ilhali msikilizaji angeapa kuwa wapigaji ni wawili. Na nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili. Cha Katanga, ni kweli, lakini hakikuhitaji mkalimani Iringa.

Kuna jambo lisilosemwa. Bosco alikuwa Myeke wa Bunkeya, mji wa Msiri, yule mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyetoka upande wa Unyamwezi na kujitwalia utawala Katanga. Bayeke ni kizazi cha msafara wake. Basi gitaa lililoitwa la kigeni lilikuwa mkononi mwa mtu ambaye wahenga wake walitoka Tanganyika.

Wala halikuwakuta wenyeji mabubu. Mwaka 1950, Tracey huyo huyo alipita Iringa akirekodi ligombo la Wahehe: ubao uliochongwa ukafanywa bonde, uzi ukipitishwa juu yake mara kadhaa, na mpigaji akisimulia huku vidole vikijibu. Sikio lililolelewa na ligombo halikuhitaji kufunzwa kwamba mtu mmoja na nyuzi zake wanaweza kutosha.

Mwaka 1959 Bosco alikaa Nairobi kwa miezi, akipiga redioni na kutangaza vidonge vya Aspro. Wapigaji wengi wa Afrika Mashariki walimwiga, kisha magitaa ya umeme yakaja, na jina lake likasahauliwa kabla ya vidole vyake.

Uingereza ilikuwa na deni kama hilo. Big Bill Broonzy, mpigaji wa bluzi wa Chicago, alifika London mwaka 1951 na gitaa lake moja, na vijana waliomsikia, ana kwa ana au katika santuri, wakaja kuanzisha roki ya nchi hiyo. Tofauti ni kwamba wao walimtaja. Mwaka 1992 Eric Clapton aliurudia wimbo wake katika albamu iliyouzwa dunia nzima, jina la mtunzi likiwa limeandikwa.

Bosco naye alifuatwa na Mwingereza: John Low, mpigaji gitaa, alisafiri hadi Lubumbashi kujifunza kwake. Kutoka Mbeya, safari hiyo ni ya barabara moja. Bosco alifariki mwaka 1990, katika ajali ya gari nchini Zambia.